Alama usizoziona: mashine zinasoma nini kwenye noti, chupa, mafuta na simu za Kariakoo

Mtu anayetoka mkoani kufuata mzigo Kariakoo hushika vitu vingi kwa siku moja: noti za elfu kumi kumi, katoni za vinywaji, simu za kwenda kuuza, risiti. Vingi kati ya hivyo vina alama za aina mbili. Ipo anayoiona mwenyewe, kama picha ya tembo, jina la kampuni au rangi ya kifuniko. Ipo nyingine asiyoiona, kwa sababu haikuwekwa kwa ajili ya macho yake. Imewekwa ili isomwe na mashine.

Makala haya yanaeleza alama hizo ni zipi, zinafanyaje kazi, nani anaweza kuzisoma, na mnunuzi asiye na mashine afanye nini. Kuna jambo moja la kushika tangu mwanzo: kila alama hujibu swali moja tu. Stempu ya kodi hujibu kama kodi ya bidhaa imelipwa. Haijibu kama kinywaji kilichomo ni salama. Wengi wanaopigwa mjini hupigwa pale wanapodhani alama moja imejibu maswali yote.

Kwa nini Kariakoo?

Kariakoo ilipata jina lake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walipoweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Jengo la soko kuu, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975 na likaungua Julai 2021. Lakini biashara ya Kariakoo ni kubwa kuliko jengo hilo. Imeenea katika mitaa kama Msimbazi, Kongo, Aggrey na Uhuru, na mzigo unaotoka hapo hufika vijijini kote nchini na hata kuvuka mipaka kwenda Zambia na Kongo.

Kwa hiyo noti bandia ikiingia Kariakoo asubuhi, kesho yake inaweza kuwa kwa wakala wa pesa wa kijiji cha mbali. Na chupa yenye stempu ya kughushi ikitoka Kariakoo, atakayekutwa nayo kwenye rafu mara nyingi ni mwenye duka dogo, wala si aliyeitengeneza.

Mashine inawezaje kuona ambacho jicho halioni?

Macho ya binadamu huona sehemu ndogo tu ya mwanga. Tunaona rangi kuanzia nyekundu hadi zambarau, kama zinavyojipanga kwenye upinde wa mvua. Mbele ya zambarau kuna mwanga mwingine uitwao urujuanimno. Upande wa pili, nyuma ya nyekundu, kuna mwanga wa infraredi. Upo, unatuangukia kila siku kutoka juani, lakini hatuuoni.

Viumbe wengine wanauona. Ua la alizeti kwetu ni la manjano sehemu kubwa, lakini nyuki, ambaye huona urujuanimno, anaona duara jeusi katikati ya petali, kama shabaha inayomwonyesha pa kutua. Mkulima wa Singida anaweza kulima alizeti maisha yake yote asiione alama hiyo. Nge naye ana siri yake: ukimmulika usiku kwa taa ya urujuanimno, mwili wake hung'aa rangi ya kijani.

Jaribio moja unaweza kulifanya mwenyewe kwa simu. Washa kamera, elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera hiyo, kisha bonyeza kitufe. Kwa macho huoni kitu. Kwenye kioo cha simu, mara nyingi utaona taa ndogo ikimeta kwenye ncha ya rimoti. Huo ni mwanga wa infraredi. Baadhi ya kamera za nyuma huuchuja, kwa hiyo usipouona jaribu kamera ya mbele.

Wanaotengeneza noti na stempu hutumia tabia hizohizo. Wino mmoja haonekani mchana lakini hung'aa chini ya urujuanimno. Wino miwili inaweza kufanana kabisa kwa macho, lakini chini ya infraredi mmoja ukabaki mweusi na mwingine ukatoweka. Kuna pia wino wenye chembe za sumaku, ambazo mashine huzihisi bila mwanga wowote. Anayeghushi akinakili kile anachokiona kwa macho tu, anakuwa amenakili nusu ya kazi.

Noti juu ya kaunta

Katika maduka mengi ya jumla kuna taa ndogo ya zambarau pembeni ya droo ya fedha, au mashine ya kuhesabu noti. Muuzaji hupitisha noti chini ya taa kwa sekunde moja. Anaangalia nini?

Kwanza anaangalia karatasi yenyewe. Karatasi ya kawaida ya daftari au ya ofisini hutiwa dawa ya kuifanya ionekane nyeupe zaidi, na dawa hiyo hung'aa rangi ya samawati chini ya urujuanimno. Karatasi ya noti hutengenezwa kwa nyuzi za pamba na haina dawa hiyo, kwa hiyo chini ya taa hubaki imefifia, na zile sehemu zilizotiwa wino maalumu peke yake ndizo zinazong'aa. Noti iliyochapwa kwenye karatasi ya dukani huwaka yote kama shati jeupe kwenye taa za disko.

Hapa pana mtego unaowapata watu wasio na hatia. Sabuni nyingi za unga zina dawa ileile ya kung'arisha. Noti halali iliyosahauliwa mfukoni ikafuliwa pamoja na suruali inaweza kung'aa chini ya taa kama noti bandia. Ikikutokea, usigombane na muuzaji. Mwombe aichunguze kwa njia nyingine, au ipeleke benki.

Mashine ya kuhesabu huenda mbali zaidi. Kutegemea aina yake, hupima ukubwa wa noti, hutazama jinsi wino unavyoonekana kwenye infraredi na huhisi sumaku. Lakini mashine hizi hazilingani. Zipo zinazoangalia urujuanimno peke yake, na zipo ambazo hazikuwekwa kwa ajili ya shilingi ya Tanzania. Mashine kutolia kengele hakutoshi kukuhakikishia kuwa noti ni nzima.

Benki Kuu ya Tanzania inajua kwamba wananchi wengi hawana taa wala mashine, ndiyo maana noti zina alama za kusomwa kwa mikono na macho pia. Kwa noti za toleo lililoanza kutumika mwaka 2011:

- Papasa. Baadhi ya maandishi na michoro imechapwa kwa wino ulioinuka, na ukipitisha kidole unauhisi.
- Inua noti kwenye mwanga wa jua. Utaona sura ya Mwalimu Julius Nyerere ndani ya karatasi, si juu yake. Hiyo ndiyo alama ya maji.
- Tazama uzi wa usalama. Umepita ndani ya karatasi, haukubandikwa wala kuchorwa.
- Linganisha na noti unayoiamini, ya thamani ileile. Macho hukosea sana yakiwa hayana cha kulinganisha.

Ukishagundua noti ni bandia, usijaribu kuisukuma kwa mwingine. Kanuni ya Adhabu inaifanya kuwa kosa kuwa na noti bandia au kuitumia huku ukijua ni bandia. Ipeleke polisi au benki. Haina thamani na hutafidiwa, na hiyo ndiyo sababu ya kuikagua kabla ya kuipokea, aliyekupa akiwa bado mbele yako.

Mashine ya fotokopi inayokataa kazi

Katika vibanda vya fotokopi na uchapaji, watu hukutana na jambo lingine la ajabu. Mashine nyingi za rangi hukataa kunakili noti za nchi mbalimbali. Mwaka 2002 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Markus Kuhn, alieleza sababu mojawapo. Kwenye noti za nchi nyingi, zikiwemo za euro, kuna vijiduara vidogo vilivyotawanywa kama mapambo. Mtu anaviona lakini havimwambii kitu. Mashine inatambua umbali kati ya kiduara na kiduara, inajua kuwa hii ni noti, na inasimamisha kazi.

Kuna alama nyingine ambayo mashine huiweka yenyewe. Printa nyingi za leza za rangi huchapa nukta ndogo sana za njano kwenye kila ukurasa. Nukta hizo zina upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na njano juu ya karatasi nyeupe haionekani kwa urahisi. Mwaka 2005 shirika la Marekani liitwalo Electronic Frontier Foundation lilifumbua nukta za aina moja ya printa za Xerox, likakuta zinataja tarehe, saa na namba ya mashine iliyochapa. Mwaka 2017 nukta kama hizo zilionekana kwenye waraka wa siri wa serikali ya Marekani uliochapishwa na chombo cha habari. Mfanyakazi aliyeutoa, Reality Winner, alifungwa, ingawa wachunguzi walikuwa na njia nyingine pia za kumfikia.

Kwa msikilizaji wetu funzo ni jepesi. Cheti cha shule au hati ya kiwanja iliyotengenezwa kwa printa ya rangi inaweza kuwa imebeba namba ya mashine iliyoichapa, pamoja na siku na saa. Printa za wino wa maji na zile za nyeusi na nyeupe hazihusiki na nukta hizi.

Stempu kwenye chupa

Mwaka 2013 serikali iliweka stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, wakati ambapo Kariakoo ilikuwa kitovu cha kuuza CD na DVD za wasanii wetu. Hatua kubwa zaidi ilifuata Januari 2019. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilianza kutumia stempu za kielektroniki kwenye sigara, bia, mvinyo na pombe kali. Agosti mwaka huohuo vinywaji baridi vikaingizwa. Mfumo ulitengenezwa na kampuni ya Uswisi, SICPA, inayojulikana duniani kwa wino wa usalama wa noti.

Majirani wana mifumo ya namna hiyo. Kenya ilianza mwaka 2013, na mnunuzi wa huko hutumia programu ya simu iitwayo Soma Label. Uganda ilianza Novemba 2019, na programu yake inaitwa Kakasa.

Stempu ya namna hii ina tabaka kadhaa. La kwanza ni la kila mtu: rangi, maandishi, namba. La pili ni la mwenye simu janja: msimbo wa miraba ambao ukiusoma kwa programu ya TRA iitwayo Hakiki Stempu, unaonyeshwa taarifa za bidhaa ambayo stempu ilitolewa kwa ajili yake. La tatu ni la mkaguzi peke yake. Amebeba kifaa maalumu kinachosoma alama zilizofichwa kwenye wino, na siri hiyo haitangazwi, kwa sababu ikitangazwa itaghushiwa.

Tabaka la pili ndilo lako, na linahitaji akili kidogo. Mtu anaweza kupiga picha msimbo wa stempu halali moja na kuuchapa kwenye chupa mia. Ukisoma msimbo, simu itakubali. Kwa hiyo usiishie kwenye neno la kukubali. Soma taarifa zilizotokea: je, jina la kinywaji, mtengenezaji na ujazo ni vile ulivyoshika mkononi? Chukua chupa mbili tatu za katoni moja. Kila stempu inatakiwa kuwa na namba yake, kwa hiyo namba zikiwa zilezile, weka chini mzigo huo.

Kisha kumbuka kile ambacho stempu haisemi. Haisemi kama chupa imefunguliwa na kujazwa upya kwa pombe ya mtaani. Angalia kama stempu imechanika au imebandikwa upya, kama kifuniko kina alama ya kufunguliwa, na kama kimiminika kina vumbi au kimepungua. Kwenye pombe kali hili ni suala la uhai. Pombe iliyotengenezwa bila utaalamu au kuchanganywa na methanoli hupofusha na huua, na hakuna mashine ya kodi inayoweza kuionja. Chupa za pombe kali zilizokwisha zivunje au ziharibu lebo zake kabla ya kuzitupa, kwa maana chupa nzima yenye lebo nzuri ndiyo mali ya kwanza anayoitafuta mghushi.

Mafuta yenye vinasaba

Mzigo ukishafungwa unapanda gari, na gari linakunywa mafuta. Huko nako kuna alama isiyoonekana, na hii imegusa maisha ya vijijini kuliko zote.

Kufikia mwaka 2010 neno kuchakachua lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kwa sababu ndiyo yaliyowasha koroboi za maskini. Wafanyabiashara wasio waaminifu wakayachanganya na dizeli na kuuza kwa bei ya dizeli. Wengine waliuza hapa nchini mafuta yaliyoingizwa bila kodi kwa maelezo kwamba yanakwenda nchi jirani. Injini za malori, mabasi na mashine za kusaga zikaharibika, na hazina ya serikali ikavuja.

Septemba 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta Tanzania Bara. Baadaye kazi hiyo ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Neno vinasaba hapa lisikuchanganye: halina uhusiano na damu wala ukoo. Ni kemikali inayotiwa kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi, kule kwenye maghala, kabla gari halijatoka. Haina rangi unayoiona wala harufu unayoisikia. Mafuta yanayopita kwenda nje ya nchi hayatiwi.

Kiasi chake hupimwa kwa sehemu za milioni. Ili kupata picha, sehemu moja ya milioni ni sawa na kijiko cha chai cha mililita 5 ndani ya lita 5,000 za mafuta. Mkaguzi akifika kituoni huchukua sampuli na kuipima kwa kifaa. Kama kemikali ipo kwa kiwango kilichowekwa, mafuta ni halali. Kama mwenye kituo amechukua lita 800 za mafuta yenye vinasaba akaongeza lita 200 za kitu kisicho navyo, kipimo kitaonyesha asilimia 80 tu ya kiwango. Hapo hesabu yenyewe inamshtaki. Na kama hakuna vinasaba kabisa, mafuta hayo yaliingia sokoni kwa mlango wa nyuma.

Lakini vinasaba peke yake havikuonekana kutosha. Katika bajeti ya mwaka 2011/12 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake ikaribie ya dizeli na faida ya kuchakachua ife. Faida ya wachakachuaji ilipungua kweli. Waliolipa gharama ni watu ambao hawakuwahi kuchakachua chochote: kaya za vijijini zilizokuwa zikisomea na kupikia kwa mafuta ya taa. Hii ndiyo sababu wizi unaofanyika kwenye tangi la mbali si habari ya mjini tu.

Mwenye pikipiki au mashine ya kusaga hawezi kupima vinasaba. Anachoweza ni kununua kwenye kituo chenye leseni badala ya chupa za barabarani, kudai risiti yenye jina la kituo na saa, na kuitunza. Injini ikianza kugonga jioni hiyo, risiti ndiyo itakayomwambia mkaguzi aanzie wapi. Maneno matupu hayana anwani.

Simu na namba inayosomwa na mtandao

Mtaa wa Aggrey na mitaa inayouzunguka inajulikana kwa simu. Kila simu halali ina namba tambulishi yenye tarakimu 15. Hiyo haikuchapwa kwa wino. Imo ndani ya simu yenyewe, na mtandao huisoma kila simu inapojiunga, bila wewe kujua.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu zote zenye namba za kughushi. Kabla ya hapo wananchi walielekezwa kubonyeza *#06#, kusoma namba iliyotokea na kuituma kwenda 15090 ili kujibiwa kama simu ni halali. Waliopuuza waliamka wakiwa na kipande cha plastiki mkononi. Wengi walikuwa wamenunua simu hizo kwa fedha halali na kwa nia njema.

Namba hii ni tofauti na alama nyingine tulizozitaja, kwa sababu unaweza kuifikia bila kifaa cha ziada. Kabla hujalipa, bonyeza *#06# kwenye simu unayoinunua. Linganisha namba inayotokea na iliyoandikwa kwenye boksi, na pia kwenye risiti ikiwa imeandikwa. Simu ya laini mbili itakuonyesha namba mbili. Zikitofautiana na za boksi, boksi si la simu hiyo. Ukinunua simu kumi za kwenda kuuza, fanya hivyo kwa zote kumi, hata kama muuzaji au winga aliyekuleta anakuharakisha.

Ukishanunua, andika namba hiyo kwenye daftari nyumbani. Ikiibiwa, ndiyo utakayoipeleka polisi na kwa mtoa huduma wako ili simu ifungiwe. Nayo pia ina mpaka wake: namba halali haisemi kama kioo ni cha asili, kama betri ni mpya, au kama simu ilishawahi kufunguliwa.

Kila alama na swali lake

- Taa ya urujuanimno kwenye noti: je, karatasi na wino ni vya benki kuu? Haisemi noti ilipatikanaje.
- Stempu ya kielektroniki: je, kodi ya bidhaa hii imelipwa? Haisemi kama kilichomo ni salama.
- Vinasaba vya mafuta: je, mafuta haya yamelipiwa kodi na hayajachanganywa? Havisemi kama pampu inapima lita kamili.
- Namba ya simu ya tarakimu 15: je, mtandao unaitambua simu hii? Haisemi kama vipuri vyake ni vya asili.
- Nukta za njano: karatasi hii ilichapwa na mashine gani? Hazisemi kama maneno yaliyoandikwa ni kweli.

Ukiwa huna mashine

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba alama nyingi ziliwekwa kwa faida ya serikali, benki au mtengenezaji. Mnunuzi hufaidika, lakini kwa kupitia mlango wao. Kwa hiyo kinga yake ya kwanza ni ile anayoweza kuishika mkononi.

Risiti ya mashine ya EFD ndiyo kinga hiyo. Mashine hizo zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na sheria inamtaka mnunuzi naye adai risiti, si muuzaji tu aitoe. Usikubali kuandikiwa kiasi pungufu kuliko ulicholipa ili upunguziwe bei. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kodi na kamatakamata, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukutana nao. Katika mvutano wa namna hiyo, mtu wa mkoani aliyebeba mzigo wenye risiti isiyolingana nao ndiye mwepesi kukamatwa.

Kabla hujafunga mzigo, kwa kifupi:

1. Lipa kwa simu au benki panapowezekana, ili malipo yaache kumbukumbu. Ukilipwa kwa noti, zikague mchana, mbele ya aliyekupa.
2. Vinywaji: soma stempu kadhaa za katoni tofauti, linganisha namba, kagua vifuniko.
3. Simu: *#06# kwa kila moja, na boksi lake.
4. Risiti: hakikisha jina la duka, tarehe, bidhaa na kiasi ulicholipa hasa.
5. Ukitilia shaka, acha. Mzigo wa bei nafuu mno kuliko maduka yote ya mtaa huo una sababu yake, na sababu hiyo haijaandikwa kwenye boksi.

Ukifika nyumbani, weka risiti na namba za simu pamoja, mahali pakavu, mpaka bidhaa ya mwisho iuzwe. Mkaguzi akija na kifaa chake, au mteja akirudi na malalamiko, hizo ndizo karatasi zitakazoonyesha ulinunua kwa nani, lini na kwa kiasi gani.